Kuhara damu si amiba kila mara

Wamama na madada wapenzi, juma hili tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja: tumbo. Nitaanza na la kwangu.

Nafundisha kalasi ya nne ya primari hapa Bukavu, watoto 58. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa natoka kalasini mbio, mara nne au tano kwa asubuhi moja, huku nikimwachia mtoto mmoja chaki awaandikie wenzake. Chooni niliona damu. Nilikonda hata vikwembe vikawa vinanizunguka mara mbili. Direkta alifikiri ni uvivu, na mimi nilinyamaza kwa sababu ya haya.

Kila nilipoenda kituo cha afya au farmasi, jibu lilikuwa moja: amiba. Nilimeza metronidazole, nikapata nafuu siku chache, kisha damu ikarudi. Nilifanya hivyo mara sita. Jirani akasema ni karuho. Nikapelekwa kwa mtu aliyeninywesha dawa ya kutapisha, nikarudi nyumbani nimebebwa.

Ni mama mkwe wangu aliyeuliza swali la maana: «Binti yangu, dawa unaimaliza kila mara. Mbona amiba haimalizike?»

Tukaenda pamoja hospitali kubwa, kwa munganga wa magonjwa ya ndani. Alianza na kipimo cha choo na cha damu, akapima pia kifua kikuu na UKIMWI. Alinieleza sababu: amiba na kifua kikuu cha utumbo vinafanana sana na ugonjwa aliokuwa anaufikiria, na dawa za kuutuliza zinaweza kuvizidisha. Vipimo vilipotoka vizuri, waliingiza mrija mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa, wakachukua vipande vidogo vya nyama ya utumbo na kuvipima. Jina la ugonjwa: rektokolite.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili inashambulia ngozi ya ndani ya utumbo mkubwa na kuacha vidonda. Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, unaweza kushika sehemu yoyote toka mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Hauambukizi, na si sumu ya mtu. Dawa haziumalizi kabisa, lakini zinautuliza. Mimi nameza sulfasalazine kila siku, hata siku ninapojisikia vizuri. Nikipewa prednisolone, naipunguza polepole kama munganga alivyoandika. Kuiacha ghafla ni hatari.

Mama mwenye kutaka mimba asiache dawa kwa woga. Amwambie munganga mapema, kwani ugonjwa ukiamka wakati wa mimba unaweza kumdhuru yeye na mtoto.

Basi, ukihara zaidi ya majuma manne, au ukiona damu inarudi baada ya dawa, usinunue tena vidonge farmasini. Chukua kayeye kadogo, andika kila siku: umeenda choo mara ngapi, kuna damu ao hapana, dawa gani umemeza. Munganga akisoma hayo, anaelewa haraka. Lakini ukitokwa na damu nyingi, ukiwa na homa, tumbo likavimba na kuuma sana, ao ukizimia, nenda hospitali siku ile ile.

Najua swali lenu: feza zitatoka wapi? Kipimo cha kamera ni bei. Wenzangu wa likelemba walikubali nichukue zamu yangu mbele, ndivyo nilivyolipa. Mwenye kuwa ndani ya mituelle aulize kwanza inalipa nini, kabla ya kutoa franga zake.

Msaada mwingine haukuniomba hata franga moja. Siku nilipomweleza direkta, alinihamishia kwenye chumba kilicho karibu na choo, na mwalimu wa jirani anaangalia watoto wangu nikitoka. Bwana wangu ndiye anakumbusha saa ya dawa. Miaka miwili nilikuwa naogopa kuwaambia watu hao.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumamosi, kwenye mkutano wetu, mwenye shida kama hii anikaribie pembeni. Hatasema mbele ya watu. Nitamsindikiza kwa munganga, kama vile mama mkwe alivyonisindikiza.