Nesi Si Zimwi la Kutishia Watoto



Sisi tunaozunguka matawi ya chama hapa Uganda, kila siku ya chanjo twasikia neno lile lile kwenye mabenchi: "Nyamaza, ama nitamwambia sista akudunge sindano!" Mtoto anatetemeka, mama anamfinya, na nesi aliyelemewa na foleni ama anacheka, ama anamkaripia mama mbele ya watu. Yote mawili ni makosa.

Nesi akicheka, amekubali kufanywa zimwi. Siku mtoto yule akiletwa na kikohozi, inatakiwa pumzi zake zihesabiwe dakika nzima akiwa ametulia; kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni dalili ya nimonia. Nani atamhesabia anayepiga mateke kwa hofu ya sista? Na akimkaripia mama, aibu ile itamshukia mtoto njiani kwa makofi, na huenda mama asirudi tena. Pengine ametoka shambani alfajiri, na hakuna aliyemwuliza hali.

Katika kituo kimoja tulimwona nesi mzee akisema polepole, "Hapana mama, sindano yangu si fimbo." Akainama, akamwambia mtoto kweli: itauma kidogo, kisha basi. Halafu akamgeukia mama kwa sauti ya chini: "Umemshika vizuri. Nyumbani mnazungumza vipi?" Mama alicheka, kisha akaeleza mengi kuliko tulivyotazamia.

Swali hilo si la mzaha. Mafunzo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2012 yanamtaka mhudumu amwulize mzazi anavyocheza na kuzungumza na mwanawe, na amsifu kwa analofanya vema kabla ya kumshauri. Wala halichukui muda kuliko makaripio.

Lakini nesi anayepima uzito, kuandika kadi na kudunga sindano, yote peke yake, tusimlaumu bure. Serikali za Afrika ziliahidi kule Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Watu waajiriwe, na mazungumzo haya yafundishwe kazini, saa za kazi, si Jumapili bila posho.

Makatibu wa matawi, liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, karibu na lile la zamu za usiku.