Na wa benchi je?
Tukizungumzia timu za shule, wachezaji wa benchi tunawapita haraka mno. Nafundisha netiboli shule ya msingi mwaka wa 11 sasa, na kila mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yakikaribia tunarudia kosa lile lile: tunawang'ang'ania 7 wanaojua tayari, wengine wanabaki kubeba maji. Wakati mchezo wenyewe haupendi ubinafsi! Mpira hukai nao zaidi ya sekunde 3, na wanaoruhusiwa kufunga ni wafungaji wawili tu, GS na GA. Mlinzi anamaliza mechi bila goli hata moja, na asipokuwepo mmekwisha.

Mwaka jana nilimtoa mfungaji wangu nikamweka GK, yaani mlinzi wa goli, wiki 2. Alinuna, siku ya tatu hakutokea kabisa. Aliporudi, nikamsikia anamwambia aliyeshika nafasi yake, "Msubiri mlinzi ashuke kwanza, ndipo urushe." Hilo mimi sikuwahi kumfundisha.

Na siku hizi kwa yeyote, hata wa benchi, "una kipaji" siisemi. Nasema, "Jana ulikosa 6 kati ya 10, leo 4." Ila wazazi wanaopiga kelele pembeni kushinda filimbi ya refa, hao bado sijapata dawa yao.