Tusimzike Mama Angali Hai



Ipo dhuluma isiyofikishwa mahakamani wala kukemewa mimbarani. Ndiyo ile tunayomtendea mama mwenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa mifupani, mapafuni au kwenye ini. Tunamzika angali hai.

Ni kweli, saratani ikifika hapo kwa kawaida haiponi. Lakini matibabu huizuia, hupunguza maumivu, na mgonjwa huweza kuishi miezi mingi, pengine miaka. Hospitali ya Bugando hutibu saratani hapa hapa Mwanza. Je, miaka hiyo aiishije?

Nimepeleka Ekaristi kwa wagonjwa kuanzia Kirumba hadi visiwani. Ndugu hunisimamisha mlangoni: "Padre, usimwambie." Nikiingia, mama hunishika mkono: "Padre, usiwaambie kwamba najua." Basi, nyumba moja, siri moja, na kila mmoja analia peke yake! Usiku mama anawaza: nani atawalea wanangu? Mume wangu bado ananitazama kama mke? Je, kidonda kinanuka? Je, Mungu amenikasirikia? Nasi twamjibu, "Utapona tu," ili anyamaze. Huo si upendo. Ni woga wetu sisi.

Wengine husema amerogwa. Usukumani twajua neno hilo limemwaga damu ya vikongwe wasio na hatia, kwa sababu tu ya macho yao mekundu. Wengine humwambia imani yake ni haba, atupe dawa. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye kimya. Walikosa walipofungua vinywa kumshitaki.

Tena wapo wanaomwambia avumilie maumivu kwa kuwa ni msalaba. Nani amewatuma? Papa Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa kwa dawa kali. Msalaba hatumtwishi mwenzetu. Tunamsaidia kuubeba, kama Simoni wa Kirene. Jirani zetu wa Uganda waliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa maalumu kuandika dawa ya mofini, ili imfikie mgonjwa hata kijijini. Mama wa Ukerewe naye ana haki ya kulala usingizi bila kulia. Hiyo ni haki, si sadaka. Tuidai kwa viongozi wetu.

Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuanze leo. Tumuulize mgonjwa anataka kujua nini, tumjibu kweli kwa upole. Tukubali hasira yake na machozi yake. Tumchekeshe anapotaka kucheka. Tuchote maji, tupike, tuwapeleke watoto shule. Mpako wa Wagonjwa usingoje pumzi ya mwisho.

Siku ya maziko tutajaa uani, tutachanga, tutatoa hotuba nzuri. Mama hatazisikia. Twende leo, angali anasikia.