Mzito wa Timu Akikanyaga Vibaya, Mbogi Nzima Inaumia: Hesabu ya Mbio za Baiskeli Dhidi ya Saa

Ukicheki mbio za timu dhidi ya saa kwa TV, unaona wasee wamevaa sare, wamejipanga mstari mmoja kama siafu, na unadhani kazi ni kukanyaga tu. Zii. Hapa msee mwenye nguvu zaidi ndiye anaweza kuponza timu yake, na asijue.

Shika rada kwanza. Kila timu inatoka kivyake, mpinzani ni saa. Na kwa kawaida saa haisimami msee wa kwanza akifika. Tour de France ya 2013, kila timu ilikuwa na watu tisa na taimu ilichukuliwa kwa mtu wa tano. Fika mapema vile unataka, lakini kama wa tano bado anahema huko nyuma, umejichosha bure.

Adui ni upepo. Ushawahi kuwa kwa nduthi nyuma ya lori, ukaskia upepo umekatika ghafla? Ndiyo hiyo. Wa mbele anaupasua, wa nyuma wanapata afueni. Shida ni bei yake: ukiongeza spidi kwa asilimia 10, nguvu ya kuushinda upepo inapanda karibu asilimia 33.

Ngori inaanza hapo. Mzito akishika usukani, damu ikiwa moto, anatoa spidi 55 anaipeleka 58. Yeye yuko poa. Anayeumia ni yule ametoka kuvuta sasa hivi na anarudi mkiani. Mapafu yanawaka, na bado anafaa kukimbiza gurudumu la mwisho. Mfanyie hivyo mara tatu, anasanda. Mkibaki wachache, zamu za kuvuta zinarudi haraka, na nyote mnaisha.

Dawa ni moja: mwenye nguvu haongezi spidi, anaongeza muda. Mzito anaweza kuvuta sekunde 40, wa kawaida 20, na aliyelemewa anaruka zamu akae nyuma ajipange. Spidi ibaki ile ile. Hii si chama ambapo kila mtu anatoa sawa. Ni harambee: toa kulingana na mfuko wako. Na kwa mlima, mnaenda na mwendo wa yule wa tano, si wa staa.

Ushahidi uko Nice, 2013, kilomita 25. Omega Pharma-Quick Step walikuwa na Tony Martin, bingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa, ingawa alikuwa na majeraha ya kuanguka. Orica-GreenEdge hawakuwa na mtu wa kushinda Tour. Lakini walimaliza kwa dakika 25 na sekunde 56, karibu kilomita 57.8 kwa saa, na wakashinda kwa sekunde moja tu! Jezi ya njano ikaenda kwa Simon Gerrans wao, na siku mbili baadaye ikaangukia mwenzake Daryl Impey wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kuivaa.

Sasa sheria inabadilika. Paris-Nice tangu 2023 inasimamisha saa kwa msee wa kwanza, na kila mtu anabeba taimu yake. Waandaaji wa Tour walitangaza mtindo huo kwa ufunguzi wa 2026 kule Barcelona. Hapo hakuna kumngoja wa tano: wenzako wanajichoma mmoja mmoja, halafu staa anamalizia peke yake. Lakini wakiisha mapema sana, staa anabaki na upepo wote kilomita nyingi, na sekunde alizopoteza hapo ni zake.

Kwa hivyo ukiwasha TV, wachana na anayeongoza. Angalia nafasi kati ya baiskeli mbili za mwisho. Ikianza kufunguka, jua kuna mtu huko mbele anajionyesha.