NYUMBA MOJA, MABINGWA WAWILI

Mwisho wa muhula ni wakati mgumu katika nyumba nyingi za mjini. Watoto hurudi na ripoti mikononi, baba ametoka zamu, mama yu jikoni, na kabla chai haijamiminwa maneno yamekwisha anza. Juzi nilikuwa barazani kwa jirani yangu, mzee wa heshima na fundi wa siku nyingi. Mwanawe wa kiume alikuwa wa kwanza darasani mwake. Binti amfuataye kwa kuzaliwa alikuwa wa sita. Wa sita, msomaji, katika darasa la watoto arobaini na watano! Mzee akaishika ile ripoti ya binti kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza, akasema, "Sasa wewe, mwanangu, umepungukiwa na nini? Si mnakula chungu kimoja na kaka yako?" Binti akajibu, "Hakuna kitu, baba," akaingia ndani, wala hakuonekana tena hata tulipokaribishwa chakula.

Niliaga mapema. Njiani nikawakumbuka ndugu wawili wa Marekani, kaka na dada, ambao nao walikula chungu kimoja. Lakini habari yao ni ya mchezo usiochezwa kwetu, kwa hiyo nakuomba univumilie nikueleze kwanza mchezo wenyewe.

Barafu tuijuayo wengi wetu ni ile ya kuhifadhia samaki pale feri, au ile ya mfukoni ambayo watoto hununua watokapo shule. Katika nchi za baridi kali mambo ni mengine. Huko maji ya maziwa na mifereji huganda yakawa sakafu ngumu, na tangu zamani watu wa nchi kama Uholanzi walivaa viatu vyenye chuma chembamba chini, kama ukingo wa kisu, wakateleza juu ya barafu hiyo kwenda kwenye shughuli zao. Penye watu wawili waendao njia moja, hapakosi ubishi wa nani mwepesi. Ndipo ukazaliwa mchezo, na katika mchezo huo yapo mashindano yanayoheshimiwa kwa ukongwe wake, nayo ni ya kumtafuta bingwa wa dunia wa mbio zote.

Sikiliza jinsi yanavyokwenda. Uwanja una umbo la yai, na mzunguko wake ni mita 400. Watelezaji huondoka wawili wawili, kila mmoja na njia yake, na katika kila mzunguko hubadilishana njia, wa ndani akatoka nje na wa nje akaingia ndani, ili asiwepo aliyepunjwa umbali. Adui wa kweli si yule aliye kando yako. Adui ni saa. Wanaume hukimbia mara nne: mita 500, mita 1,500, mita 5,000 na mita 10,000. Hebu fikiri! Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na Tanzania nzima ikasimama kwa furaha. Sasa mwambie Bayi huyo huyo, kabla jasho halijakauka, akimbie pia mita 100 na wale wenye mapaja kama magogo, kisha mita 10,000 na wale wembamba wasiochoka. Hicho ndicho kinachotakiwa huko.

Je, bingwa hupatikanaje? Zamani, hadi mwaka 1907, ilikuwa lazima mtu ashinde mbio tatu kati ya nne. Asipopatikana wa namna hiyo, watu walirudi makwao bila bingwa, na ilitokea hivyo zaidi ya mara moja. Siku hizi hutumika hesabu ambayo mke yeyote aliyewahi kuugawa mshahara wa mwezi ataielewa. Muda wa kila mbio hugeuzwa kuwa wastani wa kila mita 500. Sekunde ulizotumia katika mita 500 ndizo pointi zako. Za mita 1,500 hugawanywa kwa 3, za mita 5,000 kwa 10, na za mita 10,000 kwa 20. Kisha zote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Kwa hiyo aliyempita mwenzake kwa sekunde moja tu katika mbio fupi aweza kuachwa sekunde kumi na tisa katika ile ndefu kabisa, na bado akawa mbele. Mtu aweza kuwa bingwa bila kushika nafasi ya kwanza katika mbio hata moja. Hesabu hii haina haraka ya kumhukumu mtu. Humngoja amalize yote.

Wanawake walingojeshwa. Wanaume walipata ubingwa wao rasmi mwaka 1893 huko Amsterdam, na Jaap Eden wa Uholanzi akauchukua. Wanawake hawakupewa wao mpaka mwaka 1936 huko Stockholm, uliposhindwa na Kit Klein wa Marekani. Hiyo ni miaka arobaini na mitatu. Hata walipopewa, walitengewa siku zao na mji wao, na ni tangu mwaka 1996, kule Inzell katika Ujerumani, ndipo wanaume na wanawake walipoanza kushindania ubingwa huo pahali pamoja. Mbio za wanawake hata sasa ni fupi zaidi, nazo ni 500, 1,500, 3,000 na 5,000. Sababu yake sijaridhika nayo, lakini hayo ni ya Jumapili nyingine.

Na usiseme kwamba huo ni mchezo wa wazungu peke yao. Mwaka 2005 mjini Moscow, na tena mwaka 2006 mjini Calgary, bingwa wa mbio zote kwa wanaume alikuwa Shani Davis, kijana mweusi wa Chicago aliyelelewa na mama yake. Mwaka huo huo wa 2006, huko Turin, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja katika Olimpiki ya majira ya baridi. Baada yake Wamarekani walingoja hadi mwaka 2024, ubingwa huo uliporudi kwao kwa Jordan Stolz, mzaliwa wa jimbo la Wisconsin.

Naam, ni katika jimbo hilo la Wisconsin, mjini Madison, ilimokuwa nyumba ninayotaka kukuonyesha. Baba ni Dakta Heiden, mpasuaji wa mifupa. Mtoto wa kiume ni Eric, aliyezaliwa mwaka 1958. Wa kike ni Elizabeth, ambaye wote humwita Beth, aliyezaliwa mwaka uliofuata. Wote wawili walifundishwa na mwalimu mmoja, mama mmoja aitwaye Dianne Holum, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa Olimpiki mwaka 1972. Eric alikuwa mkubwa wa mwili, mwenye mapaja ya kutisha. Beth alikuwa mfupi na mwembamba, mtu ambaye ungempisha katika basi ukidhani ni mwanafunzi.

Eric alikuwa bingwa wa dunia wa mbio zote akiwa na umri wa miaka 18, mwaka 1977, na mwaka 1978 akarudia. Kisha ukaja mwaka 1979. Wanawake walikutana The Hague, Uholanzi. Wakati huo mbio zao zilikuwa 500, 1,000, 1,500 na 3,000. Beth, msichana wa miaka 19, alishinda zote nne. Hapakuwa na haja ya kugawanya wala kujumlisha. Mwezi huo huo wanaume walikutana Oslo, Norwei, na Eric akautwaa ubingwa kwa mara ya tatu mfululizo. Basi katika Februari hiyo kaka na dada waliotoka tumbo moja walikuwa, kila mmoja kwa upande wake, mtelezaji bora kuliko wote ulimwenguni.

Mwaka uliofuata Olimpiki ilifanyika kwao Marekani, katika mji mdogo wa Lake Placid. Na hapa ndipo habari inapogeuka.

Olimpiki haina hesabu ya jumla. Iliwahi kuwa nayo mara moja tu, mwaka 1924 kule Chamonix. Kila mbio ina medali yake, na huishia hapo. Eric alishinda mita 500, 1,000, 1,500, 5,000 na 10,000, dhahabu tano kwa siku tisa, kila moja kwa rekodi ya Olimpiki, na ile ya mwisho kwa rekodi ya dunia. Hayo hayakuwahi kuonekana. Beth naye alikimbia mbio zote nne za wanawake. Tatu hakupata kitu. Katika ile ya mita 3,000 alipata medali ya shaba.

Wa tatu katika dunia nzima! Lakini magazeti ya kwao yalikuwa yamekwisha mwandikia dhahabu hata kabla hajavaa viatu, na kila alipomaliza mbio waandishi walimzunguka wakitaka kujua kumetokea nini. Mimi ni mwandishi, msomaji, na chuoni tulifundishwa kuuliza. Hatukufundishwa vya kutosha wakati wa kunyamaza. Baada ya ile medali ya shaba, binti yule alikaa mbele yao akalia. Akawaambia kwamba hufurahi zaidi anapoteleza kwa ajili yake mwenyewe, lakini mwaka ule alijiona analazimika kuteleza kwa ajili ya magazeti. Akaongeza neno moja kali ambalo siwezi kuliandika katika ukurasa huu wa familia. Binafsi naona tulistahili kuambiwa.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba Beth alikosa moyo wa Eric. Hayo ni maneno ya wasiojua yaliyofuata. Siku chache tu baada ya dhahabu zake tano, Eric alikwenda Heerenveen, Uholanzi, kuutetea ubingwa wake wa mbio zote, akashindwa na Mholanzi, Hilbert van der Duim. Alikuwa wa pili, na sijasoma popote kwamba yuko aliyemzunguka kumwuliza amekula nini. Kiangazi kilipofika Beth alichukua baiskeli akaenda Sallanches, katika milima ya Ufaransa, kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Ni njia ya kupanda na kushuka iliyowatoa wengi pumzi. Beth akashinda. Akawa bingwa wa dunia mara ya pili, katika mchezo mwingine kabisa, miezi sita tu baada ya machozi yale. Mwaka 1983, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Vermont, akashinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mbio ndefu za thelujini. Kaka yake alisomea udaktari, naye akawa mpasuaji wa mifupa kama baba yao.

Juzi jioni nilirudi barazani kwa jirani yangu nikamsimulia haya yote, na hesabu ya pointi nikamwandikia kwa chaki sakafuni. Alinisikiliza bila kunikatiza. Yeye ni fundi, na mambo ya kugawanya na kujumlisha humpendeza. Nilipofika kwenye baiskeli akainua kichwa.

"Huyo binti, baiskeli alijifunzia wapi?"

Nikamjibu kwamba barafu ikiyeyuka watelezaji hufanya mazoezi kwa baiskeli, kwa kuwa mapaja ni yale yale.

"Kumbe alikuwa nayo siku zote," akasema.

Akakaa kimya kwa muda, akiutazama ule mstari wa chaki. Kisha akageukia mlangoni akaita, na sauti yake haikuwa ile ya siku ile: "Mwanangu, hebu ilete tena ile ripoti. Na ile ya muhula uliopita."