San Andreas ile ile, bei mpya?

Kwamba kazi ya kutengeneza upya gemu la zamani ilipiwe, sibishi. Swali ni kazi gani imefanyika. Resident Evil 2 la 1998 lilisukwa upya tangu msingi likatoka 2019. Bei kamili ni halali yake. Lakini Novemba 2021 Rockstar walileta upya GTA tatu za zamani, San Andreas ya 2004 ikiwemo, kwa dola 60, zaidi ya shilingi 130,000 wakati ule, zikiwa na kasoro nyingi hadi kampuni ikaomba radhi mwezi huohuo. Tena zile za awali walikuwa wameziondoa kwenye maduka ya mtandaoni.

Mtasema ni magemu matatu kwa bei ya moja. Sawa, ila kwenye banda la gemu pale Ngarenaro au Sakina, Arusha, mteja hulipia muda anaocheza, na mwenye banda hawezi kumwongezea bei eti mvua imechorwa upya (mvua yenyewe ilimziba mchezaji macho!). Jumlisha na bando la kupakulia. Kwa kijana ambaye hajawahi kuigusa PS2, nusu bei ningeielewa.