Eti kioo ni kioo? Acheni hizo!

Haya wadau, nimerudi kampasi na hasira zangu. Wikiendi nilikuwa nyumbani, nikakuta zulia limeloa, samaki wanne wamekufa na mdogo wangu kashonwa nyuzi tatu mguuni. Tangi la samaki lilipasuka usiku. Fundi alituwekea kioo cha dirisha, mm 4. Kumuuliza, ananijibu, "Dogo, kioo ni kioo."

Jamani, tupige hesabu. Tangi lilikuwa sm 60 kwa 30, kimo 45. Hizo ni lita 81, yaani kilo 81 za maji. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 60 hivi, usiku na mchana. Dirisha la nani linaegemewa hivyo? Kwa kimo kile, mm 6 ndiyo pa kuanzia.

Na nyie mnaosema "hesabu lita tu", mmepotea vilevile. Presha ya maji inafuata kina. Tangi likipanda juu, ongeza unene, hata kama ni jembamba.

Wengine mtasema tuweke tempadi. Ni imara kweli, ila kikishaimarishwa hakikatwi wala hakitobolewi, na kikipasuka kinasambaratika chote kwa mpigo. Kioo cha kawaida kilicho kinene kinatosha.

Fundi kaokoa vijisenti, dogo anachechemea. Halafu kesho sisi ndio tunaenda kufundisha fizikia! Tukinyamaza, tunamfundisha nani?

Nawasilisha.